Biashara ya Chakula Kinachoandaliwa Nyumbani: Taratibu, Vibali na Wajibu wa Mjasiriamali

Biashara ya kuandaa chakula nyumbani na kukiuza ni miongoni mwa shughuli zinazowapatia kipato wananchi wengi, hususan wanawake na vijana, mijini na vijijini. Maandazi, vitumbua, sambusa na chapati zinazouzwa alfajiri, wali na maharage vinavyopelekwa mchana kwenye maeneo ya ujenzi na maofisini, pamoja na siagi ya karanga, unga wa lishe, achari na kashata zinazofungashwa kwa ajili ya maduka, aghalabu huanzia katika jiko la familia. Mtaji unaohitajika ni mdogo, vyombo vingi tayari vipo, na ujuzi wenyewe mara nyingi umerithiwa kwa mama au bibi.

Pamoja na wepesi huo wa kuanza, chakula si bidhaa kama bidhaa nyingine. Mlaji hawezi kuona kwa macho kama kina vimelea au sumu, na madhara yake hujitokeza baada ya fedha kupokelewa na chakula kuliwa. Ndiyo sababu sheria za nchi zinamtaka anayekiuza atambulike, mahali anapokiandalia pakaguliwe, na yeye mwenyewe awe na afya njema. Makala haya yanaeleza hatua ambazo mjasiriamali wa Tanzania Bara anapaswa kuzifuata, taasisi anazopaswa kuzifikia, na mambo yanayosababisha biashara nyingi za aina hii kukwama mapema. Taasisi za Zanzibar zimetajwa katika sehemu ya mwisho.

Kutambua aina ya chakula kitakachouzwa

Uamuzi wa kwanza ni kujua chakula kitakuwa cha kundi gani, kwa kuwa kundi hilo ndilo linaloamua vibali vitakavyohitajika.

Kundi la kwanza ni chakula kinacholiwa siku hiyohiyo, kama vile vitafunwa vya asubuhi, uji, supu, wali, ugali na mboga. Chakula hiki hakikai dukani, hakina lebo, na mnunuzi humfahamu aliyekipika. Msimamizi wake wa karibu ni afisa afya wa kata na wa halmashauri.

Kundi la pili ni chakula kilichosindikwa na kufungashwa ili kidumu kwa siku, wiki au miezi. Humo mna unga wa lishe, siagi ya karanga, pilipili ya kusaga, achari, jemu, asali, viungo vya chai, ubuyu, na krispi za ndizi au muhogo. Chakula hiki husafiri mbali na mzalishaji, na anayekila hana njia ya kumuuliza kilitengenezwaje. Pamoja na usimamizi wa halmashauri, kundi hili huhitaji kuthibitishwa ubora wake na Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Mjasiriamali anayeanza hushauriwa kuchagua bidhaa moja au mbili anazozimudu vizuri. Anayeanza na bidhaa saba kwa wakati mmoja hulazimika kununua malighafi za aina nyingi kwa kiasi kidogo na kwa bei ya rejareja, na hupata ugumu kujua ni bidhaa ipi inayompa faida na ipi inayoila faida hiyo.

Utambulisho, jina la biashara na namba ya mlipakodi

Nyaraka ya msingi ni namba ya utambulisho inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA). Namba hiyo hutumika katika takriban kila hatua inayofuata.

Mwananchi anayetaka kufanya biashara kwa jina lisilo lake binafsi anapaswa kulisajili kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kupitia mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao. Kabla ya kuomba, ni vyema kutafuta katika mfumo huo kama jina linalokusudiwa halijachukuliwa na mtu mwingine.

Ipo dhana iliyoenea kwamba kusajili jina la biashara kunatosha kulinda nembo iliyopo kwenye kifungashio. Sivyo. Jina la biashara humtambulisha mfanyabiashara, ilhali alama ya biashara ndiyo inayomzuia mwingine kutumia nembo hiyo kwenye bidhaa zinazofanana na zake. Alama ya biashara husajiliwa kwa ombi la pekee, pia BRELA, na usajili wake wa kwanza hudumu kwa miaka 7 kabla ya kuhuishwa. Hatua hii si ya lazima kwa anayeuza chapati mtaani, lakini ni muhimu kwa anayekusudia bidhaa yake ifike mikoa mingine.

Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) bila malipo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inamtaka anayeanza biashara aombe namba hiyo ndani ya siku 15 tangu alipoanza. Mwananchi asimlipe mtu yeyote anayedai kuwa TIN inauzwa.

Leseni ya biashara na ukaguzi wa afya

Leseni za biashara hutolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972. Biashara ndogo za chakula huombewa leseni katika halmashauri ya wilaya, mji, manispaa au jiji ambako biashara ipo, na maombi hupokelewa kupitia mfumo wa TAUSI unaosimamiwa na Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Leseni hudumu kwa miezi 12, kisha huhuishwa. Mwombaji asiyekuwa na simu janja au asiyezoea mifumo ya kielektroniki anaweza kufika kwa afisa biashara wa halmashauri yake ili asaidiwe kujaza maombi.

Wafanyabiashara ndogondogo, wakiwamo mama lishe na baba lishe, wamewekewa pia utaratibu wa kutambuliwa kwa vitambulisho vya kidijitali vinavyoratibiwa na Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum kwa kushirikiana na halmashauri. Maelezo hupatikana kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kwa upande wa afya, Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kukagua mahali chakula kinapoandaliwa. Kwa jiko la nyumbani, mambo yanayoangaliwa kwanza ni upatikanaji wa maji safi, choo kilicho safi na chenye mahali pa kunawia mikono kwa sabuni, sakafu na kuta zinazosafishika, namna ya kuhifadhi na kuondoa taka, na kutokuwepo kwa wadudu, panya na mifugo katika eneo la kupikia. Kila anayegusa chakula, akiwamo ndugu anayesaidia kufungasha au kupeleka kwa wateja, anapaswa kupimwa afya na kurudia vipimo hivyo kila baada ya miezi 6.

Mpangaji hana budi kuzungumza na mwenye nyumba kabla ya kuanza. Moshi, harufu ya vitunguu na mafuta, matumizi makubwa ya maji, na wateja wanaoingia na kutoka ni vyanzo vya migogoro ambayo imewalazimu baadhi ya wajasiriamali kuhama pindi tu wateja wanapoanza kuongezeka. Makubaliano ya maandishi, hata kama ni ya ukurasa mmoja, huondoa utata huo.

Usalama wa chakula: mahali ambapo hasara huwa ya maisha

Bakteria wengi wanaosababisha magonjwa ya tumbo huongezeka kwa kasi katika chakula chenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Kanuni inayotokana na ukweli huo ni rahisi: chakula cha moto kiuzwe kikiwa cha moto kweli, cha baridi kihifadhiwe kwenye ubaridi kweli, na chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2. Nyama, kuku, samaki na mayai huhitaji kuiva hadi katikati, ambako joto lifikie angalau nyuzi 70.

Wapo wanaoamini kwamba kiporo kikichemshwa tena kinakuwa salama daima. Imani hiyo ina hatari. Wali uliopoa polepole ndani ya sufuria kubwa unaweza kuzalisha bakteria ambao sumu yao haiharibiwi na moto wa pili. Vivyo hivyo, bakteria watokao kwenye kidonda cha mkononi au puani wanaweza kuacha sumu katika chakula, na sumu hiyo ikabaki hata baada ya bakteria wenyewe kufa kwa joto. Kwa sababu hiyo, mpishi mwenye kidonda kibichi, kuharisha, kutapika au homa asishike chakula cha wateja mpaka apone, hata kama oda ilikwishapokelewa. Chakula kinachokusudiwa kuuzwa baadaye kigawanywe katika vyombo vidogo vyenye kina kifupi ili kipoe haraka, kisha kiingizwe kwenye jokofu.

Nyama mbichi itenganishwe na kachumbari, matunda na chakula kilichokwisha kuiva, na kila kimoja kiwe na kisu na ubao wake. Maji ya kutengenezea juisi na barafu yachemshwe au yatibiwe. Juisi haipiti motoni baada ya kuchanganywa, kwa hiyo maji machafu humfikia mnywaji kama yalivyo. Katika vipindi vya mlipuko wa kipindupindu, mamlaka za mikoa na wilaya huweza kusitisha uuzaji wa baadhi ya vyakula na vinywaji. Anayekaidi huhatarisha leseni yake na, zaidi ya hapo, maisha ya majirani zake.

Wanaosindika unga wa lishe na siagi ya karanga wana wajibu wa ziada kuhusu sumukuvu. Sumu hii hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri au zilizohifadhiwa mahali penye unyevu. Haina ladha wala harufu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na mlipuko wa ugonjwa uliotokana na sumukuvu katika mahindi, na wananchi walipoteza maisha, wakiwamo watoto. Unga wa lishe huliwa zaidi na watoto wadogo, na huliwa kila siku. Msindikaji hana budi kununua karanga na mahindi makavu, kuchambua na kutupa punje zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, na kuhifadhi magunia juu ya chaga mbali na ukuta. Punje zilizotolewa zisiuzwe wala zisipewe kuku na ng'ombe wa maziwa.

Achari, jemu na pilipili za chupa huhifadhiwa na asidi, sukari au chumvi. Kupunguza siki au ndimu ili kuokoa gharama hubadilisha usalama wa bidhaa nzima. Vyakula visivyo na asidi, kama maharage, nyama na mboga za majani, visifungwe kwenye chupa nyumbani ili vikae muda mrefu bila ubaridi. Kazi hiyo huhitaji mitambo maalumu na usimamizi wa kitaalamu.

Alama ya ubora ya TBS na msaada wa SIDO

Tangu tarehe 1 Julai, 2019, usimamizi wa usalama wa chakula na vipodozi ulihamishiwa TBS kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), ambayo sasa ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mabadiliko hayo yalifanywa kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka 2019. Mjasiriamali wa bidhaa za kufungashwa hana sababu ya kuzitafuta ofisi mbili kwa bidhaa moja kama ilivyokuwa zamani.

Serikali imeweka utaratibu unaowawezesha wajasiriamali wadogo kupata huduma za uthibitishaji ubora wa TBS bila malipo kwa miaka 3 ya mwanzo. Mlango wa kuingilia katika utaratibu huo ni Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa kwa Sheria Na. 28 ya mwaka 1973 na lenye ofisi mikoani. Mjasiriamali hufika SIDO, hupatiwa mafunzo ya usindikaji, usafi na ufungashaji, kisha hupewa barua ya utambulisho kwenda TBS.

Baada ya maombi kupokelewa, wakaguzi wa TBS hutembelea mahali pa uzalishaji, hushauri marekebisho pale yanapohitajika, huchukua sampuli na kuipima maabara. Bidhaa ikikidhi kiwango husika, mzalishaji hupewa leseni ya kutumia alama ya ubora. Ikumbukwe kwamba leseni hutolewa kwa bidhaa iliyopimwa pekee. Mwenye leseni ya siagi ya karanga haruhusiwi kubandika alama hiyo kwenye chupa ya asali.

Ushauri unaotolewa mara kwa mara kwa wajasiriamali ni kutenga chumba au sehemu ya pekee kwa ajili ya uzalishaji, hata kama ni ndogo. Jiko linalopikia chakula cha familia huku watoto wakipita ni vigumu kulithibitisha kwa bidhaa ya kufungashwa. Baadhi ya wajasiriamali hutatua tatizo hilo kwa kuunda kikundi na kuchangia chumba kimoja cha kusindikia.

Lebo, vipimo na vifungashio

Lebo ni ahadi ya mzalishaji kwa mlaji. Inapaswa kuonesha jina la chakula, orodha ya viambato kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, uzito au ujazo halisi, jina na anwani ya mzalishaji, nchi kilikotengenezwa, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo, na maelekezo ya kuhifadhi. Kiambato kinachoweza kuleta mzio, kama karanga, maziwa, mayai au ngano, kitajwe waziwazi. Namba ya toleo husaidia pale kasoro inapogundulika, kwa kuwa mzalishaji anaweza kurejesha pakiti za siku moja badala ya kuondoa bidhaa yote sokoni.

Lebo isitaje kwamba chakula kinatibu ugonjwa wowote. Chakula hakiuzwi kama dawa, na madai ya aina hiyo humwingiza mzalishaji katika mikono ya sheria.

Mizani inayotumika kupimia bidhaa za kuuza inapaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo (WMA). Pakiti iliyoandikwa nusu kilo ikiwa pungufu kwa gramu 30 ni kosa, hata kama muuzaji hakukusudia kudhulumu. Maduka makubwa huhitaji pia msimbomilia, ambao kwa Tanzania hutolewa na GS1 Tanzania na huanza na tarakimu 620.

Kuhusu mifuko, matumizi ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa yalipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni, 2019. Mjasiriamali atumie mifuko mbadala inayoruhusiwa, na kwa chakula chenyewe atumie vifungashio vilivyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Magazeti yaliyotumika na karatasi za ofisini zenye wino hazifai kufungia maandazi wala sambusa.

Kukokotoa gharama kabla ya kupanga bei

Biashara nyingi za chakula cha nyumbani hufungwa zikiwa na wateja. Sababu ni kwamba bei ilipangwa kwa kuangalia jirani anauza kiasi gani, bila kuangalia bidhaa imegharimu kiasi gani. Mfano ufuatao, wenye bei za kukadiria, unaonesha hesabu inavyofanywa.

Mjasiriamali anatengeneza maandazi 160 kwa siku. Anatumia unga wa ngano kilo 4 kwa shilingi 8,000, sukari nusu kilo kwa shilingi 1,500, mafuta lita 1 kwa shilingi 5,500, nazi 2 kwa shilingi 2,000, hamira, iliki na chumvi kwa shilingi 1,000, gesi ya shilingi 2,500, maji ya shilingi 500, vifungashio vya shilingi 1,000 na usafiri wa shilingi 1,000. Jumla ni shilingi 23,000. Akiuza yote kwa shilingi 200 kila moja anapata shilingi 32,000, na huonekana amebakiwa na shilingi 9,000.

Hata hivyo, hesabu hiyo haijahusisha kazi yake mwenyewe ya kuamka saa kumi alfajiri. Akijilipa shilingi 5,000, faida ya biashara ni shilingi 4,000. Siku ambayo maandazi 15 hayakununuliwa, shilingi 3,000 zimepotea na faida inabaki shilingi 1,000. Mabaki ya maandazi 15 tu yamekula robo tatu ya faida. Hapa ndipo umuhimu wa kupokea oda kabla ya kupika unapoonekana, kwa kuwa anayejua idadi ya wateja wa kesho hupika kinachotosha.

Hesabu hiyo inabainisha jambo jingine: chakula kinacholiwa nyumbani kutoka kwenye bidhaa ya biashara, pamoja na kile kinachokopwa na jamaa na majirani, kinapaswa kuandikwa. Familia inaweza kula maandazi, lakini daftari lijue kwamba yameliwa.

Kodi na faida ya kutunza kumbukumbu

Wafanyabiashara wadogo binafsi ambao mauzo yao hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka hutozwa kodi ya mapato kwa utaratibu wa makadirio unaozingatia mauzo. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hatozwi kodi hiyo.

Wengi hudhani kiwango hicho hupimwa kwa faida. Hupimwa kwa mauzo. Anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi, yaani siku 312 kwa mwaka, huvuka kiwango hicho mara mauzo yake yanapozidi takriban shilingi 12,800 kwa siku. Mjasiriamali wa mfano uliotangulia, anayeuza maandazi 145 kwa siku kwa shilingi 29,000, ana mauzo ya shilingi 9,048,000 kwa mwaka, ingawa faida yake ni ndogo.

Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 kwa mauzo yanayozidi shilingi milioni 7 hadi milioni 11, asiyetunza kumbukumbu hutozwa shilingi 250,000 kwa mwaka. Anayetunza kumbukumbu hutozwa shilingi 90,000 na asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 7. Kwa mauzo hayo, kodi ya mwenye kumbukumbu ni shilingi 151,440. Daftari la mauzo na risiti za manunuzi limemwokolea shilingi 98,560, ambazo ni zaidi ya mauzo yake ya siku tatu. Kumbukumbu hizo zinapaswa kuhifadhiwa kwa miaka 5. Viwango vya kodi huweza kubadilishwa na Bunge kila mwaka wa fedha, hivyo ni busara kuvithibitisha katika ofisi ya TRA kila ifikapo Julai.

Kutenganisha namba ya simu ya kupokelea malipo ya biashara na ile ya matumizi ya nyumbani ni hatua ndogo inayorahisisha kumbukumbu. Miamala ya biashara ikiwa na namba yake, mauzo ya mwezi husomeka bila kubahatisha, na taarifa hiyo hutumika pia wakati wa kuomba mkopo.

Mtaji na mikopo

Halmashauri zote zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 ili kupisha maboresho ya utaratibu, na ukarejeshwa katika mwaka wa fedha 2024/2025. Wanawake na vijana huomba kupitia vikundi vilivyosajiliwa, na maombi huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Vikundi vya kuweka na kukopa, vikiwamo VICOBA, vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na vinapaswa kusajiliwa. Mwananchi anayekopa kwa mtu au kampuni anashauriwa kwanza kuhakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, kusoma mkataba wote, na kujua jumla atakayorejesha kwa shilingi badala ya asilimia pekee. Mikopo inayojulikana mitaani kama "kausha damu", yenye marejesho ya kila siku, haifai kwa biashara ambayo faida yake ya siku ni shilingi elfu moja hadi nne. Marejesho hutolewa kwenye fedha ya unga wa kesho, na baada ya wiki chache mtaji huwa umekwisha.

Kwa upande wa nishati, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 – 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Anayepika kwa biashara hukaa jikoni muda mrefu kuliko wengine, hivyo kuacha kuni na mkaa humpunguzia moshi anaovuta yeye na watoto walio karibu. Mtungi wa gesi uwekwe mahali penye hewa, mpira wake ukaguliwe mara kwa mara, na namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo ni 114, ijulikane na kila aliyemo nyumbani.

Kwa wakazi wa Zanzibar

Zanzibar ina taasisi zake. Majina ya biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali (BPRA), masuala ya usalama wa chakula husimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA), viwango husimamiwa na Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS), na kodi za ndani ni jukumu la Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA). Uwezeshaji wa wajasiriamali huratibiwa na Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi Zanzibar (ZEEA).

Mpangilio wa hatua kwa ufupi

Mwananchi anayekusudia kuanza anashauriwa kufuata mpangilio huu:

1. Kuchagua bidhaa moja au mbili na kukokotoa gharama zake zote, ikiwamo kazi yake mwenyewe.
2. Kuwa na namba ya NIDA na, kwa mpangaji, ridhaa ya mwenye nyumba.
3. Kupata TIN kutoka TRA bila malipo na kusajili jina la biashara BRELA iwapo atatumia jina lisilo lake.
4. Kumwalika afisa afya wa kata akague jiko, na kupima afya za wote watakaoshika chakula.
5. Kuomba leseni ya biashara katika halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI.
6. Kwa bidhaa za kufungashwa, kufika SIDO kwa mafunzo na barua ya utambulisho, kisha kuomba uthibitisho wa ubora TBS.
7. Kuhakiki mizani WMA na kuandaa lebo iliyokamilika kabla ya kupeleka bidhaa madukani.
8. Kuandika mauzo na manunuzi ya kila siku tangu siku ya kwanza.

Wananchi wanakumbushwa kufanya malipo yote ya Serikali kwa kutumia namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo, na kudai stakabadhi. Huduma za taasisi zilizotajwa hazihitaji dalali. Afisa biashara, afisa afya na afisa maendeleo ya jamii wanapatikana katika kila halmashauri, na ushauri wao hutolewa bila malipo. Anayeshindwa kuelewa hatua yoyote awafikie kabla ya kununua malighafi, kwa kuwa marekebisho ya jiko au lebo hugharimu kidogo yanapofanywa kabla chakula cha kwanza hakijauzwa.